Gari inachemsha kwenye foleni tu, chupa ya akiba imejaa ila rejeta maji yako chini

Gia_ya_Tatu
Wakuu habari zenu, hii gari inanichanganya. Ikitembea geji ya joto imetulia katikati, nikikwama foleni tu mshale unaanza kupanda mpaka nawasha hita kuupoza. Asubuhi injini ikiwa ya baridi nikifungua rejeta nakuta maji yameshuka, wakati huohuo chupa ya akiba imejaa mpaka imepita alama ya juu. Chini hakuna tone. Fundi anasema thamostati itolewe itupwe, mwingine anasema gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) imekufa niandae hela. Nianzie wapi?

Spana17
Thamostati usitupe aisee. Inaziba njia mpaka injini ipate joto, nyingi zinaanza kufungua kati ya nyuzi 82 na 95, ukiitoa injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta. Na ingekuwa imegoma kufunguka ingekuchemshia hata kwenye mwendo, bomba la juu la moto la chini baridi. Kuchemsha ukisimama tu angalia feni, maana gari ikitembea upepo unaingia wenyewe. Washa AC, feni ikizunguka ujue mota na fyuzi vipo.

Gia_ya_Tatu
Nimewasha AC inazunguka fresh. Nimezima AC nikaacha gari inaunguruma mpaka mshale ukapanda, feni kimya. Kwa hiyo ninunue sensa ya joto, ile inayowasha feni?

MamaInjini
Sensa subiri kwanza. Mmekimbilia feni wakati jibu kalitoa mwenyewe pale juu, chupa imejaa rejeta imepungua. Maji yakipata moto yanatanuka, kifuniko cha rejeta kinaachia ya ziada yaende kwenye chupa, injini ikipoa yanatakiwa yavutwe kurudi. Kifuniko kina vali mbili, ile kubwa ya springi na kadogo ka katikati. Hako kadogo kakiganda, au mpira ukipasuka, maji hayarudi, juu panabaki hewa, na sensa badala ya kulowa kwenye maji inakaa kwenye hewa inaona kama injini imepoa, feni itawakaje? Kagua na kale kabomba kanakoenda kwenye chupa, kakiwa na ufa kanavuta hewa.

Halafu kuna presha. Maji matupu kwenye hewa ya wazi yanachemka nyuzi 100, ukiyabana kwa presha ya kama bar 1 yanafika 120 ndio yachemke, kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji inapita hata hapo. Springi ikichoka faida yote hiyo imepotea. Namba imeandikwa juu ya kifuniko, 0.9 au 1.1, nunua ileile, usipandishe eti iwe imara utapasua mabomba.

Spana17
Hoja nzito hiyo. Ila gasketi ikifa nayo inajaza chupa hivyohivyo, gesi ya silinda inaingia kwenye maji inayasukuma, kwa hiyo aiondoe kwenye orodha kwanza. Injini ikiwa baridi kabisa jaza rejeta, washa bila kifuniko uangalie, mapovu yakitoka mfululizo hayakomi hiyo ni gesi ya silinda. Au kifuniko kikiwepo, bomba la juu linakuwa gumu ndani ya dakika moja mbili injini haijapata hata joto. Chomoa na kijiti cha oili, ikiwa rangi ya chai ya maziwa ujue imechanganyika na maji, pole sana.

Gia_ya_Tatu
Mapovu yametoka machache mwanzoni yakaisha, oili safi, mpira wa kifuniko ndio umechanika pembeni. Naongezea kulanti ya kijani au nyekundu?

MamaInjini
Rangi haikuambii kitu, kila kampuni inatia yake. Soma kitabu cha gari kinataka aina gani. Kama hujui iliyomo mwaga yote, suuza, weka mpya moja, maana aina zisizopatana zinaweza kutengeneza uji humo ndani ukaziba rejeta. Ya zamani ikusanye kwenye dumu, ina ladha tamu na ni sumu, mtoto au mbwa akilamba ni balaa.

Kujaza: inua pua ya gari kidogo, hita weka kwenye moto, injini iungurume huku unaongeza polepole na kubonyabonya bomba la juu hewa itoke. Bomba la chini likianza kuwa la moto thamostati imefungua, jazia, funga kifuniko kipya, kaa usubiri feni ijiwashe yenyewe. Isipowaka na rejeta imejaa, hapo sasa kanunue sensa.