Kumbukumbu ya askari wa miavuli wa Arnhem: ni ya nani baada ya maveterani kuondoka?

Mkaza Mwana

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi kwa wanaoijua historia hii. Mjomba wa baba mkwe wangu, Mwingereza, alikuwa askari wa miavuli aliyeuawa Septemba 1944 katika mapigano ya Arnhem nchini Uholanzi, akiwa kijana ambaye hajaoa, na amezikwa katika makaburi ya vita ya Oosterbeek. Dada yake ndiye aliyekuwa akimzuru kila alipojaliwa. Naye sasa ni marehemu, na wajibu umetuangukia sisi ambao huyo askari tunamjua kwa picha tu. Baba mkwe anataka twende sote pamoja na watoto. Waliopigana bega kwa bega naye karibu wote wamekwisha kufariki. Je, hafla ya kila Septemba bado ni ya maombolezo, au imegeuka kuwa onyesho la kijeshi ambalo familia hulitazama kutoka pembeni? Na hao watoto wa shule ninaosikia kwamba husimama makaburini, wanaingiaje katika msiba usio wao?

Msomaji wa Historia

Dada, naanza na watoto, kwa sababu bila wao huenda hafla hiyo ingekwisha zamani. Divisheni ya Kwanza ya Waingereza ilishuka kuanzia tarehe 17 Septemba 1944, baadhi kwa miavuli na wengine kwa ndege zisizo na injini, ili iteke madaraja ya Arnhem na kuyashikilia hadi majeshi ya nchi kavu yafike kutoka kusini. Majeshi hayo hayakufika kwa wakati. Kati ya watu wapatao 10,000, takriban 1,500 walikufa, zaidi ya 6,000 walitekwa, na usiku wa kuamkia tarehe 26 ni kama 2,400 tu waliovushwa mto Rhine kurudi upande wa pili.

Walioumia zaidi baada ya hapo ni wenyeji, ambao Wajerumani waliwaamuru waihame Arnhem, kisha ikafuata ile baridi ya njaa iliyoua maelfu ya Waholanzi. Mtu angetazamia wenyeji wawalaumu askari waliowaletea vita mlangoni na kushindwa, lakini Septemba 1945, mji ukiwa bado magofu, watoto wa shule walisimama kila mmoja mbele ya kaburi lake wakaweka maua, na desturi hiyo imedumu hadi leo. Mwaka 1969, ilipotimia miaka 25, upande wa askari wa zamani ulipendekeza kumbukumbu hiyo iwe ya mwisho, kwa kuona kwamba Waholanzi wamekwisha kutoa vya kutosha. Waholanzi wenyewe ndio waliokataa. Kwa hiyo msiba huu ni wao pia, tena wameutunza kwa hiari.

Askari Mstaafu

Nimetumikia jeshi, ingawa si katika vikosi vya miavuli, na hofu yako naielewa. Onyesho lipo, tusidanganyane. Katika uwanda wa Ginkelse Heide, ambako brigedi ya nne ilishuka tarehe 18 Septemba 1944, askari wa sasa huruka tena kila mwaka mbele ya umati mkubwa, na mwenye majonzi anaweza kuona makelele hayo hayana adabu. Mimi nayavumilia, kwa kuwa wanaoruka ni warithi wa vikosi vile vile na wengi wao huwa makaburini siku inayofuata.

Ibada ya Jumapili pale Oosterbeek ni jambo jingine kabisa. Hapo utaona bereti za rangi ya damu ya mzee, lakini utulivu ni wa msibani. Angalia mawe: ya afisa na ya askari wa kawaida yana umbo moja, kwa sababu Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola haitofautishi vyeo, ila chini ya jiwe familia iliruhusiwa kuchagua maneno machache yake. Yasomeni kwa sauti mbele ya watoto wenu, kwa kuwa huenda aliyeyachagua ni mama wa huyo askari.

Mpenda Haki

Naomba tusiwasahau Wapolandi, maana mara nyingi hutajwa mwisho kama mimi ninavyowataja sasa. Brigedi yao, chini ya Jenerali Stanisław Sosabowski, ilishuka kwa miavuli katika kijiji cha Driel, ng'ambo ya mto Rhine, tarehe 21 Septemba, mambo yakiwa yamekwisha kuharibika, kisha makamanda wa Uingereza wakamtwisha yeye lawama na akaondolewa kwenye uongozi mwaka huo huo. Alifariki mwaka 1967 bila kusafishwa jina. Uholanzi iliitunuku brigedi yake nishani mwaka 2006, na yeye mwenyewe akapewa ya kwake akiwa kaburini. Wapolandi pia wamezikwa hapo Oosterbeek. Chukueni shada la pili.

Mkaza Mwana

Nawashukuru sana. Shada la pili tutalichukua. Baba mkwe anakumbuka sehemu alipo mjomba wake, lakini hakumbuki namba. Tutalipataje kaburi kati ya mengi kiasi hicho?

Msomaji wa Historia

Makaburi ni zaidi ya 1,700, na zaidi ya 200 kati yake ni ya askari wasiotambuliwa, kwa hiyo msiende kwa kubahatisha. Tafuteni jina lake katika tovuti ya Tume. Mtapewa kikosi chake, tarehe ya kifo, na namba ya eneo, safu na kaburi. Fikeni mapema, kabla watoto hawajaingia kwenye nafasi zao, na atakayesimama kwa mjomba wenu mwelezeni alikuwa mtu wa namna gani, maana yeye ana jina na tarehe tu zilizoandikwa kwenye jiwe.