Tupeane uzoefu: vita ulivyoviona kwa simu

Wadau, tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, wengi wetu hapa Nairobi tunavifuata klipu kwa klipu, kwenye matatu, kazini, hata kitandani. Klipu hizo zilikuonyesha nini, na nini hazikukuonyesha? Leteni yaliyowapata wenyewe.

*Fundi wa simu, Luthuli*
Mteja alinionyesha ndege ikitunguliwa usiku, ati ni Ukraine. Kijana ninayefanya naye kazi akaitambua papo hapo: ni Arma 3, mchezo wa kompyuta. Waliouunda walishatoa tahadhari 2022. Dalili walizozitaja ni hizi: picha hafifu, kamera inatikisika, mara nyingi ni giza, na hakuna mtu anayeonekana akitembea. Mteja bado aliituma kwa grupu la familia. Iliniuma.

*Mama Neema, Kasarani*
Mimi ni wa Goma, mashariki mwa Kongo. Waasi wa M23 walipoingia Januari 2025, simu ilijaa video: wanajeshi barabarani, huyu anasema mji umetulia, yule anasema watu wamekwisha. Dada yangu alikuwa amejifungia ndani na watoto, umeme hakuna, mifereji imekauka. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu, kama wana maji ya kunywa. Nilitazama mpaka alfajiri. Hakuna aliyerekodi mtungi mtupu.

*Eastleigh Sekta*
Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, ilikatiwa simu na intaneti Novemba 2020. Jirani yangu alikaa zaidi ya mwaka bila kusikia sauti ya mamake. Watu wakimuuliza, "Kwani huko bado kuna vita? Mbona hatuoni kitu?"

*Mwanafunzi wa sheria*
Na wakati mwingine chapisho lenyewe linatangulia risasi. Profesa Meareg Amare wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, alishambuliwa kwa maneno Facebook, kisha akauawa Novemba 2021. Mwanawe aliishtaki Meta, kampuni yenye Facebook, hapa hapa Nairobi, Desemba 2022, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Mwenye nafasi aifuatilie, inatuhusu sana.

*Mleta mada*
Asanteni. Mama Neema, pole sana. Wenye ndugu El Fasher, Sudan, ambako wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la nchi hiyo, walijirekodi wakiua Oktoba 2025, tunawasubiri pia. Msitutumie hizo video. Tuambieni habari za watu wenu.