Ushauri: kijana wangu anampigia debe Mamdani, mimi bado nakumbuka duka la kaya

Mzee wa Bronx:
Wakuu, habari za siku. Nipo New York mwaka wa 19 huu, uraia nimepata majuzi, na tarehe 4 Novemba 2025 ndiyo kura yangu ya kwanza. Kijana wangu kila Jumamosi anapanda ghorofa za watu na makaratasi kumpigia debe Mamdani, yule mzaliwa wa Kampala anayegombea umeya wa jiji. Mezani ananihubiria: pango lisipande, mabasi bure, matajiri wakamuliwe kodi. Namsikiliza. Ila alipofika kwenye maduka ya vyakula ya jiji, kijiko nikakiweka chini. Mwaka 1983, Tabora, nilipanga foleni duka la kaya tangu alfajiri, nikarudi na nusu kilo ya sukari na kipande cha sabuni. Nimpe kura au nitulie?

BintiTanga:
Shikamoo mzee. Duka la kaya halikuwa na mshindani. Haya anayosema ni matano ya majaribio, moja kila wilaya ya jiji, na Myemeni mwenye duka pale kona anaendelea kuuza. Tena mambo haya Wamarekani hawakuyaokota kwetu. Mwaka 1892 wakulima waliobanwa na benki na reli waliunda chama chao, wakadai kodi ya mapato inayopanda kadiri mtu anavyopata. Katiba ikairuhusu kodi ya mapato 1913. Seneta Sanders alipogombea tiketi ya urais 2016 aliwakuta watu bado na kinyongo cha mtikisiko wa fedha wa 2008: benki ziliokolewa, wao nyumba zikapigwa mnada.

Msema Kweli:
Dada unamlainishia mzee. Meya hana mamlaka ya kupandisha kodi ya mapato, hilo ni la Albany, makao makuu ya jimbo. Mabasi nayo ni ya MTA, shirika la jimbo. Huyu anagawa maziwa ya ng'ombe wa jirani! Penye meno ni kwenye pango tu, maana bodi inayopanga huteuliwa na meya. Enzi za meya de Blasio iligandisha 2015 na 2016. Mwaka huu wa 2025 imepandisha asilimia 3 kwa mkataba wa mwaka mmoja. Lakini inahusu nyumba ambazo pango lake linadhibitiwa kisheria tu, kama milioni moja hivi. Mzee, yako imo?

Dereva wa Orlando:
Huku Florida 2020 Trump alishinda, na siku ileile zaidi ya asilimia 60 wakapitisha kima cha chini cha mshahara kifike dola 15 kwa saa. Cha taifa kimeganda 7.25 tangu 2009. Jirani yangu alipigia vyote viwili, ukimwita mjamaa mnagombana.

BintiTanga:
Mzee, omba historia ya pango lako ofisi ya nyumba ya jimbo. Ni bure.

Mzee wa Bronx:
Asanteni. Mkataba nimeukuta kwenye bahasha ya bima, kiambatisho kinasema nyumba inadhibitiwa. Miaka yote hiyo nasaini tu bila kusoma! Msema Kweli, hilo la ng'ombe nitamuuliza kijana akirudi. Saa tatu usiku hii, bado yuko kwenye ngazi za watu, na ugali umeshapoa.