Mgahawa wa Kichina Dodoma umemlisha mama yangu nguruwe, na niliuliza MARA TATU kabla hajala

Wakuu, habari za leo. Hili jambo ninalo tangu Jumapili. Nilisema nilale nalo kwanza, hasira zipungue ndipo niandike. Leo ni Jumatano na hazijapungua hata kidogo, basi ngoja niandike hivyo hivyo.

Jina la mgahawa sitalitaja. Ni mpya, uko hapa hapa Dodoma mjini, wa kisasa kweli: vioo kuanzia chini mpaka juu, taa za njano zinaning'inia juu ya kila meza, na menyu huletewi mkononi, unaskani kwa simu. Wanauza dim sum. Na mimi niliposikia kuna mtu analeta dim sum Dodoma nilifurahi kuliko watu wote mjini hapa, ndiyo maana naumia hivi.

Kwa wasioijua, dim sum ni vyakula vidogo vidogo vya watu wa Guangdong, kusini mwa China. Vingi vinapikwa kwa mvuke ndani ya vikapu vya mianzi, vinaletwa mezani moto na chai ya birika, na wenyewe wanavila asubuhi mpaka mchana. Hata ile safari ya kwenda kula wanaiita kwenda kunywa chai. Mnakaa familia nzima, babu mpaka mjukuu, mnaagiza vikapu vitatu, mnaongea, mnaagiza vingine. Ni ulaji unaofanana sana na sisi, hakuna haraka, na sahani ni ya wote.

Mimi nauza mapazia. Tangu 2016 nimekwenda Guangzhou, mji mkuu wa Guangdong, mara nne, nachukua vitambaa soko la Zhongda. Nikiwa kule nakula kwa Wachina Waislamu, wale wenye vibao vya kijani vya maandishi ya Kiarabu na Kichina, tambi na nyama ya kondoo. Dim sum nilikuwa naiangalia tu kwenye vioo. Siku moja nikaingia kwenye mgahawa mmoja karibu na hoteli, nikaonyesha kwa kidole har gow, kile cha kamba. Kamba si haramu kwetu, nikajua niko salama. Aliyekuwa anahudumia ni mama mtu mzima, hatuelewani hata salamu. Akaniangalia mtandio wangu kichwani. Akachukua simu yake, akaandika, akanigeuzia nisome tafsiri: ndani ya kamba kuna mafuta ya nguruwe. Kisha akapitisha kidole juu ya karibu picha zote za menyu huku anatikisa kichwa. Akaniletea mboga za kuchemsha na chai, akakaa na mimi dakika mbili akihakikisha nimeelewa.

Shikeni hapo kwenye mafuta, nitarudi.

Mwaka 2018 nikapitia Hong Kong. Kule Wan Chai kuna msikiti unaitwa Masjid Ammar, na ndani ya jengo lile lile ghorofa ya tano kuna kantini inauza dim sum halali. Watu wanapanga foleni mchana, na si Waislamu peke yao. Nilikula har gow pale mpaka nikasikia aibu. Ile ngozi yake inatengenezwa kwa wanga wa ngano na wanga wa muhogo, unga unakandwa kwa maji ya moto sana, ikiiva inakuwa kama kioo, unamwona kamba mwekundu ndani. Inafungwa kwa mikunjo midogo midogo upande mmoja, fundi mzuri anafikisha kumi na zaidi. Ukiuma, ngozi inavutika kidogo halafu kamba anakatika kwa sauti. Nilimsimulia mama yangu kwa simu usiku ule ule. Akaniambia, "Mwanangu, siku moja na mimi nitakula hiyo sambusa yako ya mvuke."

Sasa mama ana miaka 71. Ni Mrangi wa Kondoa, kazaliwa kwenye Uislamu, kazeekea humo. Alikuja wiki iliyopita kwa ajili ya kliniki ya macho. Nikasema ndiyo nafasi. Jumapili tukaenda watu wanne: mama, mimi, mdogo wangu wa kike na mwanangu wa darasa la tano.

Nafungua menyu kwenye simu. Kiingereza na Kichina. Neno moja la Kiswahili hakuna. Makao makuu ya nchi, Bunge liko hapa, wizara ziko Mtumba, na mama yangu anayesoma Kiswahili vizuri kabisa kwa miwani yake hana hata mstari mmoja wa kusoma! Na hata hicho Kiingereza kimeandikwa majina ya mapambo, mara joka, mara feniksi, hakuna mahali pameandikwa hiki kina nyama gani.

Kwa hiyo nikauliza. Nilimwita binti anayehudumia, nikamwambia, "Mdogo wangu, sisi ni Waislamu, nioneshe visivyo na nguruwe." Akasema siu mai, vile vikombe vidogo vya unga vyenye nyama, ni ya kuku, har gow ni kamba mtupu, cheung fun, zile ngozi laini za mchele zilizokunjwa, ni ya ng'ombe, na mikate ya mvuke ya krimu haina nyama. Nikamwuliza mara ya pili, una uhakika? Nenda kaulize jikoni. Akaenda, akarudi, akasema jikoni wamesema hakuna shida. Mara ya tatu nilimwuliza meneja mwenyewe, alikuwa anapita na kishikwambi mkononi. Mtanzania, si Mchina. Nikamwuliza na MAFUTA je? Maana nilimkumbuka yule mama wa Guangzhou. Akatabasamu, akasema, "Dada ondoa wasiwasi, tunao wateja wengi Waislamu, kuleni kwa amani."

Tukala kwa amani.

Nitasema ukweli, mwanzoni ilikuwa raha. Mama alifunua kifuniko cha kikapu, mvuke ukajaa kwenye miwani yake akacheka. Har gow wa kwanza alimla kwa uma, polepole, akasema unateleza huu. Akala wa pili. Nilimpiga picha. Hiyo picha ninayo mpaka sasa na siwezi kuiangalia.

Ikaja siu mai. Siu mai iko wazi juu, unaona kilichomo. Nikaipasua kwa kijiko nimpoze mwanangu. Nyama ya kuku ya kusaga ikiiva inakuwa nyeupe, inashikana. Hii ilikuwa ya pinki kwa mbali, na ina vipande vya mafuta meupe vimekatwa kwa kisu, vya mraba, kama punje za mchele mnene. Kuku hana mafuta ya namna ile. Nikamshika mama mkono, nikamwambia asubiri.

Nikaenda mwenyewe mpaka mlango wa jikoni. Aliyeniambia ukweli simwelezi hapa alivyo, maana watamfukuza kazi. Alisema kwa sauti ya chini: siu mai ni nguruwe na kamba, hakuna kuku hata siku moja, na kwenye har gow wanachanganya mafuta ya nguruwe ili isiwe kavu. Kila siku. Na yule binti hakuuliza mtu jikoni, alifika mlangoni akageuka, kwa sababu wameambiwa mteja akiuliza sana wasimpoteze.

Ndugu zangu, kupika dim sum kwa nguruwe si kosa. Ndivyo inavyopikwa kwao tangu zamani, siu mai ya asili ni nguruwe na kamba, na yale mafuta kwenye har gow ni kawaida ya mafundi wengi. Mchina apike chakula chake anavyojua, mimi sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kwamba niliuliza, nikajibiwa uongo, na nilikuwa na mzee mezani.

Mama aliponiona narudi alijua. Sikusema kitu, macho yangu tu. Akachukua ncha ya mtandio wake akafuta ulimi, hivi, mara mbili. Akaomba maji ya kawaida, si ya barafu. Akatoka nje pale kwenye maua karibu na magari, akainama, akasukutua. Mzee wa miaka 71 ameinama kwenye maegesho anasukutua mdomo na watu wanapita wanamwangalia wakidhani mgonjwa.

Meneja akaja. Hakusema samahani. Alisema, na haya ni maneno yake: "Lakini mama hakujua, kwa dini yenu si hana dhambi?"

Wakuu, nilitetemeka. Ni kweli, aliyekula bila kujua hana dhambi, mama anajua hilo kuliko mimi na kuliko huyo meneja. Lakini wewe uliyejua? Wewe uliyetabasamu? Unachukua dini ya mtu unaifanya kitambaa cha kufutia uongo wako?

Halafu wakaleta bili kamili, shilingi 137,500, na asilimia kumi ya huduma imo humo. Ya huduma! Niliomba risiti ya EFD nikaambiwa mashine haina mtandao, nikaandikiwa kikaratasi kwa kalamu. Nimelipa kwa sababu mama alisema tulipe tuondoke, hataki kelele Jumapili.

Nimekuwa nafikiria kitu kimoja siku zote hizi tatu. Hapa Dodoma kitimoto, nyama ya nguruwe, kinauzwa kila kona, na sijawahi hata siku moja kuogopa kuuziwa bila kujua. Kwa nini? Kwa sababu muuzaji wa kitimoto hafichi. Nyama inaning'inia kwenye kioo, imeandikwa, na ukikosea njia ukaingia na mtandio wako mwenyewe anakuambia, "Mama hapa ni kitimoto." Mama ntilie wa Sabasaba ukimwuliza maharage kaweka mafuta gani anakuonyesha dumu. Hawa watu hawana taa za kuning'inia wala menyu ya kuskani, ila hawawezi kukulisha usichotaka. Na dim sum ndiyo chakula kinachohitaji uaminifu kuliko vyote, maana kimefungwa. Nyama choma ya mnada wa Msalato naiona, mbavu naiona ni ya nani. Hiki kimekunjwa ndani ya unga mikunjo kumi. Mlaji hana macho ila mdomo wa mhudumu.

Na wasiniambie haiwezekani kutenganisha. Wan Chai wanaweza, na har gow zao zinateleza vizuri tu bila nguruwe. Kama hawataki kutenganisha, sawa, waandike kwa Kiswahili kikubwa: KUNA NGURUWE. Nisingeingia, nisingedai, ningepeleka mama kula kuku wa kienyeji tukafurahi. Sentensi moja tu. Imewashinda na fedha yote hiyo ya vioo.

NYONGEZA, saa 3 usiku:

Nimesoma maoni. Kuna ndugu ameandika "ulifuata nini kwa Wachina, ulitegemea nini." Ndugu yangu, soma tena. Mchina ambaye hatukuelewana lugha ndiye aliyenizuia nisile. Aliyeniambia nile ni Mtanzania mwenzangu, kwa Kiswahili. Naomba watu waache kutukana Wachina kwenye uzi huu, sikuja kwa ajili hiyo.

Aliyeuliza kuhusu yule binti: hapana, sitaki afukuzwe. Ni mtoto wa watu, anatafuta, kaambiwa aseme vile na aliyemwajiri. Nilimwona analia karibu na kaunta tulipokuwa tunatoka.

Mliosema niende kwa afisa afya wa Jiji na Tume ya Ushindani, asanteni sana. Sikujua kwamba sheria ya ushindani ya 2003 inamgusa hata mwenye mgahawa anayempotosha mteja kuhusu anachomuuzia. Barua nimeandika jioni hii, mdogo wangu anaichapa. Kile kikaratasi cha kalamu ninacho, na picha ya siu mai iliyopasuliwa ninayo, unaona mafuta waziwazi. Kesho asubuhi nafungua duka nikimaliza kuzipeleka.

Na wale wawili mlioniandikia kwamba mmeshakula har gow pale mkiambiwa ni kamba mtupu, mmoja wenu mwezi mzima kila Ijumaa baada ya swala: poleni sana. Njooni tuongozane kesho, saa 2 nitakuwa nje ya ofisi za Jiji.

Mama anarudi Kondoa Ijumaa. Hajalizungumzia tena. Leo asubuhi nilimwekea chai na chapati, akaiangalia chapati kidogo, akaniuliza, "Umepika mwenyewe?" Hajawahi kuniuliza hivyo maisha yake yote.