Wenye tustroki za zamani Tabora na Kigoma (DT, TF, RD na wenzake) tupeane uzoefu

Chuma cha Mzee:
Wakuu za wikiendi. Huu uzi ni wa sisi tuliobaki na pikipiki za tustroki, machuma ya kula petroli na oili kwa pamoja, Boxer na TVS zina nyuzi zake. Nipo Tabora, Ng'ambo, nina Yamaha DT 175 ya marehemu mzee, alikuwa bwana shamba wa tumbaku huko Urambo na enzi zao usafiri wa kazi ndo zilikuwa hizi Yamaha na Suzuki.

Mtu asiyeijua tustroki ukimpa anakurudishia anasema mbona mbovu hii, haina nguvu. Ni kweli chini haina kitu, we ngoja mzunguko upande, inaamka ghafla tairi la mbele linakuwa jepesi na hapo ndo mtu anamkumbuka mama yake. Kwanza inachoma kila krenki ikizunguka mara moja, fostroki kama Boxer inasubiri mizunguko miwili. Pili lile tumbo la ekzosi sio urembo, mawimbi ya moshi yakigonga kule mwisho yanarudi na kuusukuma mchanganyiko mbichi uliotaka kutoroka uingie tena kwenye silinda, ila linafanya hivyo kwenye spidi fulani tu ndo maana nguvu inakuja kwa mkupuo. Sasa vijana wanakata ekzosi ipige kelele, halafu wanakuja kuuliza eti kwa nini imelegea.

Zamani njia ya Sikonge kabla ya lami ilikuwa mchanga mtupu, na mchanga wa kwetu mnaujua. Mzee alikuwa anasema kwenye mchanga usifunge gesi, kaa nyuma, mwache mnyama acheze chini yako. Sponji ya hewa alikuwa anaifua kwa sabuni, inakauka, anailowesha oili kidogo ndo anairudisha, maana vumbi likipita hapo ringi hazimalizi msimu wa tumbaku. Karibuni, na mseme mnachanganyaje oili.

Mwana wa Mwanga:
Kigoma hapa mkuu, Mwanga. Umegusa penyewe. Huku oili ya tustroki sio shida kabisa kwa sababu mashine nyingi za boti za wavuvi ni tustroki, ukishuka Kibirizi haukosi. Na hapo ndo balaa linapoanzia! Oili ya boti imetengenezwa kwa ajili ya mashine inayopozwa na maji ya ziwa, muda wote haichemki sana, we unaimwaga kwenye pikipiki inayopozwa na upepo, unapakia gunia la maharage unapanda nayo milima ya Manyovu. Jirani yangu Suzuki TF 125 yake ilinoki hivyo hivyo, pistoni ikakwama, fundi akamwambia pistoni ni feki, kanunua nyingine, ikanoki tena. Someni kopo jamani. Ikiandikwa TC-W3 hiyo ni ya boti, ya pikipiki tafuta iliyoandikwa JASO FC au FD.

Kipimo, boti za siku hizi wanaweka 50 kwa 1, yani mls 20 kwa lita moja ya petroli. Pikipiki ya zamani ambayo pampu ya oili (ile inayochanganya yenyewe) imeshakufa mimi naweka 25 kwa 1, mls 40. Itatoa moshi ndio, bora moshi.

Na kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni mteremko. Ukitoka Manyovu kushuka huku Mwandiga usifunge gesi na kuiachia gia ndo ishike breki mwanzo mwisho. Oili inaingia pamoja na petroli, ukifunga petroli umefunga na oili, na krenki bado inazunguka kwa kasi. Vuta klachi, au kila baada ya muda ipe gesi kidogo inywe.

Bibi Harusi wa Ujiji:
Mie mume wangu ndo anayo, AG 100, ile yenye keria mbele na nyuma na cheni imefunikwa. Sio ya nguvu kama zenu lakini haifi. Tatizo akiiwasha asubuhi kanzu zilizo kwenye kamba zote nafua upya, nimemwambia awe anaisukuma mpaka barabarani ndo apige kiki.

Mtoro wa Reli:
Mi sina ila nimezipanda kubwa zake, nilikuwa Uingereza, jamaa mmoja alikuwa na RD 350 LC ya miaka ya 80 mwanzoni, silinda mbili, inapozwa na maji. Hiyo DT ya mkuu hapo juu zidisha mara tatu. Nyumbani kwake alikuwa na Kawasaki H1 amefunika turubai, cc 500, silinda tatu, zilitoka 1969 na kiwanda kilitangaza farasi 60. Breki ya mbele dramu! Yani walifikiria kwenda tu, habari ya kusimama mtajua wenyewe. Nilizungushwa nyuma mara moja, ikatosha. Huko zimeuliwa na sheria za moshi, zilizobaki ni za matajiri.

Kaliua Moja:
Pistoni na ringi za DT mnatoa wapi? Na yangu oili ya gia inapungua lakini chini haivuji hata tone.

Chuma cha Mzee:
@Kaliua Moja hiyo unaichoma mkuu, ndo moshi wako mweupe. Sili ya krenki upande wa klachi imekufa, injini inafyonza oili ya gia. Afadhali hiyo. Ikifa ya upande wa magneto inavuta hewa, injini inapanda mlio yenyewe bila gesi, hapo zima hapo hapo usiseme nifike tu Urambo, hewa ikizidi pistoni inatoboka katikati.

Pistoni agiza na mtu Dar. Zinakuja za kuongeza unene, milimita 0.25, 0.50 mpaka 1.00, kwa hiyo bloku isichongwe mpaka pistoni iwe mkononi, fundi aipime ndo achonge kuifuata hiyo. Wengi wanaanza kuchonga halafu saizi inakosekana, bloku inakaa kabatini miaka.

Na mwenye pampu ya oili ya DT inayofanya kazi aje inboksi, hata kama haina kebo nachukua.