Henga nyembamba zisizoteleza: kabati la Portsmouth na kabati la Michenzani

Kutoka: dada wa Portsmouth (kwa sasa yupo Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Naandika nikiwa Michenzani kwa mama, ghorofa ya tatu. Mvua ya masika inapiga dirishani tokea alfajiri. Najua baadhi yenu mnafunga mizigo ya kuja nyumbani, na henga za mahameli ni katika vitu mnavyovitia begini, ndiyo maana sikungoja mpaka nirudi.

Kwanza nieleze zilivyonifaa kule. Kabati langu la Portsmouth, Uingereza, ni upenyo uliobaki baina ya ukuta na dohani ya zamani, ukatiwa mlango. Fimbo yake ina sentimita 78. Nilikuwa natumia henga za mbao zenye mabega mapana, kila moja inakula karibu sentimita 4, kwa hiyo zikiingia 19 hata mkono haupiti. Mabaibui ndiyo yaliyokuwa mtihani. Kitambaa cha siku hizi chepesi, kinateleza kama maji, na shingo ni pana. Nafungua mlango asubuhi nakuta mawili yamelala chini juu ya viatu, na mtoto anatakiwa awe skuli baada ya dakika kumi. Nikanunua hizi za mahameli, unene wake nusu sentimita hivi. Fimbo ile ile sasa imebeba nguo 38. Si zaidi ya hapo, maana nguo nayo ina unene wake, na makoti ya baridi hayapunguki kwa henga. Lakini tokea siku ile sijaokota baibui chini.

Kwa furaha hiyo nikamletea mama pakiti ya 50, zote nyeusi. Siku ya pili tu nilizitoa henga zake zote za plastiki nikamtundikia nguo upya, na kabati likapendeza kweli.

Alhamisi ilinyesha mchana kutwa. Nguo zilianuliwa mbichi, na kanzu nyeupe ya mjomba nikaitundika kabatini ikiwa na unyevu kidogo mabegani, nikijua mpaka asubuhi itakuwa imekauka. Kabati lenyewe limegemea ukuta wa nje, na ukuta ule wakati wa masika unatoa jasho, ukiupapasa kiganja kinarudi na maji. Asubuhi ya Ijumaa mjomba anataka kuvaa, naitoa: mstari wa rangi ya moshi, upana wa kidole, kutoka shingoni mpaka ncha ya bega, kulia na kushoto. Na juu ya darizi ya shingo kuna vinyoya vyeusi vidogo vidogo vimejishika kwenye nyuzi, nikivifuta vinajipaka.

Mjomba hakusema neno. Alichukua kanzu ya zamani akaenda zake msikitini. Mimi nilibaki nimekaa kitandani na ile kanzu mapajani, nikaona uchungu sana, kwa sababu aliishona kwa ajili ya Idi.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Doa hili linatokaje? Na kwa hewa ya huku, mama nimuwekee henga gani ambazo hazitelezi na hazijazi kabati? Kabati lake dogo kuliko langu.

Kutoka: kaka wa Copenhagen

Waalaykum salaam dada. Pole sana.

Ile si mahameli ya kufumwa. Ndani mna plastiki, juu yake pamepakwa gundi, kisha vinyoya vya nailoni vimerushwa vikasimama juu ya gundi. Rangi ikiwa haikushika vyema hutoka ikipata maji, na gundi ikikaa na unyevu siku nyingi hulegea, vinyoya vikaanza kung'oka. Huku ndani tunawasha hita miezi saba, hewa kavu mpaka midomo inapasuka, kwa hiyo hatuoni aibu hiyo. Mimi nguo nyeupe naziwekea henga za kijivu hafifu au rangi ya maziwa. Kabla ya kutumia natia kitambaa cheupe maji, nasugua henga mara kumi. Kitambaa kikibaki cheupe, natumia.

Na nguo mbichi usiitundike kwenye mahameli popote duniani.

Kutoka: bi wa Wete

Mwanangu wa Michenzani,

Mimi niliishi Denmark miaka 22, nikarudi Wete, nakaa katika nyumba za ghorofa hizi hizi ndugu za hizo zenu, na nashona mpaka leo. Hili lako nalijua pande zote mbili.

Tuanze na doa kwani halingoji. Usiipige pasi wala usiianike juani kabla halijatoka. Moto unaifunga rangi ndani ya uzi. Roweka mabega yake tu kwenye maji baridi na sabuni ya unga, usiku mzima, uyabadilishe maji yakigeuka kijivu. Vile vinyoya usivifute, bandika utepe wa gundi uvibandue vikiwa vikavu. Ikiwa kanzu ni pamba tupu ina matumaini makubwa. Ikiwa ni polista, usiitie dawa kali ya kung'arishia, itageuka manjano na darizi itaharibika rangi.

Wengine watakwambia basi rudi kwenye henga za waya. Za waya ni nyembamba kweli, lakini kwa hewa yetu hii ya bahari mwaka haumaliziki ile rangi ya juu inabanduka na kutu inashika. Kutu kwenye kanzu nyeupe nimeletewa mara nyingi kuliko hiyo rangi yako. Hiyo inatoka kwa ndimu na chumvi: kamulia, paka chumvi, weka juani mpaka ikauke, suuza, rudia. Nguo ya rangi ijaribie kwanza kwenye pindo la ndani, maana ndimu hupausha.

Sasa henga. Mnaoishi nje mnasoma ushauri wa watu wenye mashati na suruali. Wanaambiwa watumie minyororo ya kuning'iniza henga tano, moja chini ya nyingine, au wafunge fimbo mbili, ya juu na ya chini. Shati linashuka kiasi cha sentimita 80, lina nafasi chini yake. Nguo zetu ni ndefu. Baibui na kanzu zinashuka mita moja na nusu, na dera pia. Ukizipanga kwa mnyororo, ya pili tu imeshalala sakafuni. Kwa hiyo sisi nafasi hatuipati kwa urefu, tunaipata kwa unene wa henga, na kwa kuzitoa kabatini nguo zisizohitaji kutundikwa. Fungua kabati la mama uhesabu. Nakisia nusu ya zilizotundikwa ni kanga. Kanga haitaki henga. Doti ikunje mara nne, panga wima kama vitabu kwenye droo au sanduku, utaona mapindo yote bila kufukua. Mitandio vivyo hivyo. Sweta nazo zinakunjwa, ukizitundika zinaota vinundu mabegani.

Zitakazobaki ni mabaibui, makanzu, na magauni ya harusi. Hizo zifanyie hivi ninavyofanya mimi. Chukua henga za plastiki nyembamba, zile laini za duara mama alizokuwa nazo usizitupe. Chana shuka jeupe la pamba lililochakaa, utepe wa upana wa vidole viwili. Anza ncha ya bega moja, zungusha kwa kulalia nusu ya mzunguko uliotangulia, kaza, nenda mpaka shingo ya henga, shuka bega la pili, ushonee mwisho kwa mishono mitano sita. Pamba inashika kitambaa laini vizuri kama mahameli, haina rangi ya kutoka, na ikichafuka unaifungua unafua. Unene unaoongezeka ni mdogo. Usitumie kanga kuukuu ya rangi, na usizungushe kwenye waya: pamba ikishika unyevu waya unaota kutu ndani usiuone.

Kuna wanaovisha ncha za henga mpira wa tyubu ya baiskeli. Unashika kuliko kitu chochote, lakini mweusi ule unaacha alama. Kwa baibui jeusi sawa, kwa kanzu hapana.

Upime pia kina cha kabati, si urefu wa fimbo peke yake. Henga ya mtu mzima ina sentimita 42 mpaka 45, ukiongeza mikono ya nguo unahitaji kina cha 55 hivi ili mlango ufunge. Makabati mengi ya fleti zetu hayafiki. Ndiyo unakuta mlango umebaki wazi na mikono ya kanzu imebanwa na bawaba. Mji Mkongwe ndiko taabu zaidi, vyumba vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, ukiweka kabati la kina kamili njia imekwisha. Kule nimeona watu wanatumia vidaka vya ukutani, wanatia fimbo fupi inayotokeza mbele, nguo zinakaa uso mbele, moja nyuma ya moja. Zinaingia sita saba, si zaidi, lakini zinaingia.

Na acha milango ya kabati wazi saa moja baada ya kufukiza udi. 

Kutoka: ami wa Muscat

Wanangu, bi wa Wete kasema kweli kuhusu minyororo. Nilipokuwa nakaa chumba kimoja na wenzangu watatu tuliinunua. Makanzu yalikunjana kwa chini, kila Ijumaa foleni ya pasi. Tena uzito wote unakaa pahala pamoja, fimbo ikang'oka na skrubu zake tukiwa tumelala.

Nyongeza yangu moja. Tazameni kulabu. Kulabu inayozunguka ni bora kwa kabati dogo, unaigeuza nguo bila kuichomoa. Lakini ishike uitikise dukani: ikicheza imepachikwa tu, na baibui lenye mawe mazito litaing'oa.

Kutoka: dada wa Portsmouth (bado Unguja)

Shikamoo bi mkubwa, shikamoo ami. Kaka, ahsante.

Kanzu ilikaa majini siku mbili, na maji nimeyabadilisha mara tano. Bega la kushoto limetoka lote. La kulia kumebaki kivuli karibu na mshono, ukiisimamisha dirishani unakiona, ukiivaa hukioni. Mjomba kaivaa jana. Ni pamba, alhamdulillahi.

Nilihesabu kama ulivyoniambia. Kabati la mama lilikuwa na vitu 57 kwenye henga, na 26 ni kanga. Tulizikunja pamoja jioni nzima, na kwa kila doti mama alinieleza aliipata wapi na nani kampa. Mbili hakuzitia droo, kaziweka kando, ni za marehemu bibi. Zimeingia zote katika droo mbili za chini, zimesimama, na nilipomwambia anitolee ile ya pindo la kijani aliivuta bila kugusa nyingine.

Shuka la kuchana lilipatikana. Henga moja ilinichukua dakika 20, mama dakika 8, yeye mkono wake unajua kukaza. Tumemaliza 18. Nililitundika baibui langu linaloteleza kuliko yote nikaufungua na kuufunga mlango kwa nguvu mara kadhaa, halikusogea.

Kina nilipima: sentimita 48. Ndiyo maana mlango haukufunga tokea nikiwa mdogo na sisi tulidhani ni bawaba. Seremala wa Mwanakwerekwe amekuja kuangalia. Anasema ubao wa nyuma unaweza kutolewa, lakini ukiutoa nguo zitagusa ule ukuta wenye jasho, hakushauri. Badala yake tumenunua henga za upana wa sentimita 38 kwa mabaibui ya mama, yeye bega lake dogo na zinamkaa bila kuchomoza kwenye mkono. Kwa makanzu ya mjomba hazifai, makanzu yenyewe yamehamia chumbani kwake kwenye chango la ukutani, na juu yake mama kafunika shuka jepesi kwa ajili ya vumbi. Kabati lenyewe tumelisogeza mbele upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma.

Za mahameli nimebaki nazo 50 kasoro mbili nilizozitupa. Kumi nimempa binamu wa Mbweni ambaye chumba chake kina kiyoyozi, kwa nguo za rangi nyeusi tu, na nimemwambia asitundike kitu kibichi. Zilizobaki 38 narudi nazo Portsmouth. Kama kuna aliye karibu na kule anayezihitaji aniandikie kabla ya Jumapili, maana begi natakiwa nilifunge siku hiyo.

Kaka, jaribio lako la kitambaa cheupe nimelifanya kwa hizi zilizobaki. Katika kila kumi, tatu zilitoa rangi, na zote zimetoka pakiti moja. Kwa hiyo msijaribu moja mkaziamini zote.