Tupeane uzoefu: rangi ya kucha, jeli na aleji. Mafundi na wateja wa Uganda, njooni hapa

FundiNtinda
Wadau wa urembo, salaam. Krimu za kujichubua zinasemwa kila siku, ila chupa tunazofungua mbele ya wateja asubuhi hadi jioni hazisemwi. Uzi huu ni wa aliyewahi kuwashwa, kuvimba, au kubandukwa na kucha, na wa fundi aliyepasuka vidole. Eleza ulitumia nini, ilianzaje, ukaishia wapi. Tafadhali msije kutangaza bidhaa hapa.

Naanza na mteja wangu mmoja. Vidole vyake vilikuwa safi kabisa. Kope ndizo zilizovimba, na shingo upande mmoja ikawa na vipele. Alibadilisha sabuni, akabadilisha poda, mto wa kulalia nao ukalaumiwa. Nikamuuliza kama huwa anajishika usoni kabla rangi haijakauka. Huwa anashika, tena sana, ni mtu wa kuegemea mkono.

Rangi ya kawaida ina nitroselulosi inayofanya utando, ina vimiminika vinavyoruka haraka kama etili asetati na butili asetati (ndiyo ile harufu), na ina resini inayoipa mng'ao na kuishikisha. Resini iliyozoeleka miaka mingi ni ya tosilamaidi na fomaldehaidi, na ndiyo mchokozi wa aleji anayejulikana zaidi kwenye rangi za kawaida. Ngozi ya vidole ni nene, inavumilia. Ya kope ni nyembamba, ndiyo inayolia kwanza. Rangi ikiwa mbichi ni mbaya zaidi. Mteja wangu sasa anasoma lebo na kuiepuka resini hiyo, na kope zimetulia.

DadaBusia
Asante kwa uzi. Yangu ni kucha za bandia za akriliki. Fundi alikuwa na kimiminika kwenye chupa ya maji ya kunywa, hakina jina wala lebo. Harufu ilijaza chumba hadi mtoto wa jirani akakohoa. Kucha zikatoka ngumu ajabu. Siku nimebana kimoja kwenye mlango wa teksi, ile ya bandia haikuvunjika, iling'oka na ukucha wangu wote. Na zilizobaki nilipozichovya kwenye asetoni, ile dawa ya kutolea rangi, zilikataa kulainika.

FundiNtinda
Pole sana dada. Dalili hizo zote ni za MMA, yaani methili metakrileti. Bei yake ni ya chini kuliko EMA (etili metakrileti), kimiminika ambacho saluni nyingi zinazojali hutumia. Marekani walianza kuipiga vita kwenye kucha tangu miaka ya 1970, kwa sababu ya majeraha ya kucha na aleji. Kimiminika kisicho na lebo mimi sikigusi hata nikipewa bure.

KijanaWaKikapu
Mimi ni wale vijana mnaotuona sokoni na kikapu cha rangi na beseni. Mnatudharau lakini niwaambie kitu. Nilifanya kazi kwanza kwenye kijiduka cha ndani kabisa ya akedi (jengo la maduka) mjini, hakuna dirisha, watu wanne tunasugua akriliki kwa mashine. Jioni kichwa kinapiga, kifua kinabana, vumbi limejaa hadi kwenye nyusi. Nilipotoka kuja sokoni kwenye hewa, kichwa kikaacha. Mikono ndiyo bado: asetoni inakausha ngozi mpaka inachanika, na ngozi iliyochanika inaingiza kila kitu. Sasa napaka vaselini usiku na mchana sishiki pamba ya asetoni kwa vidole vitupu.

Mzee_Kanungu
Haya mambo ya aleji ni ya watu laini. Mke wangu anapaka tangu tunaoana, hajawahi hata kujikuna.

SisterJinja
Mzee wangu, kwa heshima, mimi ni muuguzi na nilikuwa nasema hivyohivyo. Aleji ya aina hii haiji siku ya kwanza. Mwili unakutana na kemikali mara nyingi, kimya, halafu siku moja unaikataa. Kuanzia hapo tone dogo linatosha, na vipele hutokea baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo unalaumu chakula cha jana na kuacha jeli ya juzi. Ikishaingia hukaa nawe maisha.

Yangu ilikuwa jeli, ile rangi inayokaushwa chini ya taa. Ncha za vidole zilianza kuwasha, zikafanya malengelenge madogo, zikachubuka, kisha kucha zikaanza kunyanyuka kutoka kwenye nyama. Nilikuwa nahisi ganzi nikifunga vifungo. Kwetu nyumbani waliniambia nimelogwa na mke mwenzangu (sina mke mwenzangu). Nilipokwenda kumtembelea dada yangu Uingereza nikapimwa: viplasta vyenye kemikali tofauti vilibandikwa mgongoni kwa siku mbili, vikabanduliwa, daktari akasoma ngozi siku hiyo na tena siku zilizofuata. Ilikuwa HEMA, kemikali ya ukoo wa akrileti iliyomo kwenye jeli nyingi.

Ambalo wengi hawalijui ni kwamba jamaa za HEMA ziko pia kwenye gundi na vijazio vya meno. Kwa hiyo sasa daktari wa meno namwambia kabla sijafungua mdomo. Na kabla ya upasuaji wa nyonga au goti nitasema pia, maana saruji ya mifupa ni ya ukoo huohuo.

FundiNtinda
Sister umenena. Niongeze upande wa kazini. Jeli iliyokauka sawasawa haina neno kubwa, mbichi ndiyo yenye shida. Inakuwa mbichi kwa njia tatu ninazoziona kila siku: umeipaka ikagusa ngozi ya kando, umeipaka nene, au taa hailingani na jeli. Taa nyingi hutoa mwanga wa nanomita 365 na 405, lakini nguvu zinatofautiana sana. Na sisi hapa tuna letu: umeme unakatika, fundi anahamia kwenye kitaa cha chaji ambacho betri yake inakufa. Juu kucha inang'aa, chini bado ni uji. Mteja anaondoka amefurahi.

Ulaya tangu 2021 jeli yenye HEMA inauzwa kwa mafundi tu, na lebo lazima ionye kwamba inaweza kuleta aleji. Huku kwetu mtoto wa shule anainunua dukani na taa yake, anajipakia chumbani.

Mwajuma_Bombo
Kwetu Bombo tuna sababu nyingine. Mwenye kuswali akipaka rangi hawezi kutia udhu, kwa hiyo anapaka siku zake zikija, anatoa, anapaka tena. Asetoni kila mara, kucha zinakuwa karatasi. Ndiyo maana wengi tunabaki na hina.

Lakini hina nayo tusiisifu tu. Ya majani inaacha rangi ya machungwa hadi kahawia, na inataka saa nyingi. Ile nyeusi ti inayoshika haraka ni piko, na ndani yake mna PPD, kemikali ileile ya dawa ya kupaka nywele rangi. Binti ya dada yangu aliwekewa piko kwenye harusi, mchoro ukavimba maua kwa maua, ukaacha alama. Sasa hawezi hata kupaka nywele rangi.

NailsMbarara
Swali. Nimeanza kununua zilizoandikwa hazina HEMA. Niko salama? Na ile TPO iliyopigwa marufuku Ulaya ni aleji pia?

SisterJinja
Si lazima uwe salama. Wakitoa HEMA huweka akrileti nyingine, na aliyekwisha kupata aleji ya moja anaweza kuzikataa nyingine. TPO ni jambo lingine: ni kemikali inayoisaidia jeli kukauka chini ya taa, Ulaya waliifunga tarehe 1 Septemba 2025 kwa hofu ya madhara kwenye uzazi. Usizichanganye.

KijanaWaKikapu
Na glavu? Nimeona mafundi wanavaa zilezile tangu asubuhi.

FundiNtinda
Glavu za mpira wa kawaida jeli inapita ndani ya dakika chache. Za nitrili zinachelewesha kidogo, ila nazo zinapita, kwa hiyo ikidondokewa badilisha palepale, usiifute na kuendelea. Na fundi kwa kawaida anaanza kupasuka gumba, cha shahada na cha kati. Ukiona hivyo usisingizie omo.

NailsMbarara
Nina nusu katoni ya jeli na taa niliyoinunua peke yake, si pamoja na jeli. Nitupe?

FundiNtinda
Usitupe bado, na usimpake mtu. Piga picha lebo ya nyuma ya chupa na ile ya chini ya taa, weka hapa. Nitaziangalia kesho kabla sijafungua saluni.